Mijusi wa Mama Kando ya Zizi

Mama alitufundisha kutazama kabla ya kuua. Kule kijijini kwetu Suma tulikata majani ya ng'ombe kila jioni, na humo anaishi mjusi mmoja mrefu, mwembamba, ambaye mgeni angeapa ni nyoka. Miguu anayo, ila midogo kama njiti za kiberiti. Mtazameni macho, mama alisema. Akipepesa ni mjusi, nyoka hana kope. Aliyemuua mjusi alilala bila maziwa, nami kwa maziwa sikuwa na masihara.

Juzi nilitoka Tukuyu kwenda kumwona. Kando ya zizi nikakuta mijusi wamekatwakatwa, wengine wamekauka, wengine bado wananuka. Nikapandwa na hasira, nikauliza ni watoto wa nani. Mama akasema ni yeye, kisha akauliza kama nimekula.

Sikuweza kukaa. Niliingia jikoni, nikatoka, nikaenda mpaka kwenye migomba, nikarudi. Tangu baba afariki anaishi peke yake, na kaka zangu wanataka tumhamishie mjini. Yeye hataki kusikia. Tulikubaliana abaki maadamu anajimudu, na mimi ndiye wa kuwaambia anajimudu au la. Kazi hiyo siipendi hata kidogo.

Jioni nikamfuata majanini. Alipoinua mzigo, mjusi akadondoka mbele yake. Baridi ilikuwa imemlegeza, akabaki palepale. Miguu yake niliiona vizuri, na jicho likifumba na kufumbua. Mama akainua mundu. Nikamshika mkono, nikamwomba amtazame kwanza.

Akatazama. Alitazama pembeni, mahali pasipo na kitu.

Nikamuuliza tangu lini.

"Tangu masika," akasema. "Naona kitu kimepita tu. Sasa nitajuaje? Nakata wote."

Nikamwambia twende hospitali. Akasema tutakwenda, ila kaka zangu wasijue. Ng'ombe anamkamua kwa kumpapasa, njia ya kisimani anaijua kwa miguu, na mjini atakaa kwenye kochi mpaka afe.

"Usiwaambie, mwanangu. Watanitoa hapa."

Nilimhurumia mno. Nilishafungua mdomo nikubali.

"Mdudu wako ameshaondoka?" akauliza.

Mjusi alikuwa amepanda juu ya buti lake.