Firigisi Niliyokula Shinyalu

Bendi yetu ya roki ilikuwa na watu wanne, na Kakamega nzima ilituita wapiga mabati. Mimi nilipiga ngoma. Mwimbaji wetu alikuwa mchuma chai wa Shinyalu, mwenye sauti ya kumtoa nyoka pangoni. Tulipoanza kurekodi albamu yetu, miaka ile ya tisini, kiongozi wetu, mpiga gitaa, alikuwa tayari amempata mwimbaji mwingine, mwanafunzi wa mjini, mtanashati kweli, ila nyimbo alikuwa hajazijua.

"Huyu wa Shinyalu amalize kuimba kwanza," kiongozi akaniambia. "Tutamwachisha baadaye. Na wewe usifungue mdomo."

Sikufungua. Jumamosi tano nilimbeba kwa baiskeli yangu mpaka studio, chumba kilichobandikwa trei za mayai ukutani. Njia nzima aliimba mazoezi yake nyuma yangu, kisha ananigonga bega: "Ndugu yangu, tutasikika!" Nami najibu, "Tutasikika." Ala! Mtu mzima na ndevu zangu.

Siku alipomaliza wimbo wa mwisho, picha ya jalada la kaseti ilikuwa imeshapigwa, yule mwanafunzi katikati. Nikatumwa Shinyalu kumwambia mwimbaji wetu ameachwa. Jalada nilikuwa nalo mfukoni.

Nilikuta mama yake amechinja kuku. "Leo ni ingokho," akasema. "Si wewe ndiye unambebanga mwanangu?" Akaniwekea firigisi juu ya ugali, ile ambayo angepewa baba mwenye nyumba kama angekuwa hai. Nikaila yote. Naona aibu mpaka leo kusema ilikuwa tamu.

Baada ya kunawa nikatoa jalada. Mama akalipokea kwa mikono miwili, akaligeuza, akaligeuza tena. "Mwanangu ako wapi hapa?"

Mwanawe akaliangalia kwa muda. Akaelewa. "Mama, picha ni pambo tu. Sauti ni yangu." Kisha akachukua baiskeli yangu, akaisukuma kunisindikiza.

Kwenye njia panda akaniuliza, "Wewe ulijua lini?"

Tulikuwa wawili tu. Ningeweza kusema.

"Leo asubuhi," nikajibu.

Akanirudishia baiskeli, akanishika bega, lile lile alilokuwa akiligonga. "Pole, ndugu yangu," akasema. "Wamekutuma kazi mbaya."