Bosi Niliyemtoa Chumba cha Dawa

Wasee, leo nimefukuza bosi mpya. Na sijutii.

Mimi husafisha meza ya kuchanganyia dawa za kansa pale hospitali. Tone likimwagika huwezi kuliona, lakini likikushika ngozi, shauri yako. Ndiyo maana tunalowesha kitambaa kwanza, halafu tunapangusa kuelekea upande mmoja. Ukipulizia meza sabuni, dawa inaruka kila mahali.

Sasa jamaa nisiyemjua akaingia bila glavu, akachukua chupa ya sabuni, akaanza kupulizia meza yangu!

"Wacha nikusaidie, mathe."

"Weka chini! Toka, uende unawe mikono!"

"Kwani hunijui?"

"Sikujui. Na hiyo dawa pia haikujui."

Akatoka.

Saa nane tukaitwa mkutano. Kumbe ndiye mkuu mpya wa famasi! Nikaanza kuangalia viatu vyangu.

Akasema, "Huyu mama amenifukuza leo. Kuanzia kesho, mtu yeyote mgeni atafundishwa kusafisha meza na yeye. Mimi nitakuwa wa kwanza."

Jirani yangu hapa mtaani Kongo ananiuliza kama nilimwomba msamaha.

Hebu niambieni nyinyi: msamaha wa nini, na ni mimi nilirudia kusafisha meza yote?