Ng'ombe Walijikuna, Bundala Akaitwa Mwizi wa Maji

Jua ndiyo kwanza linachomoza, na Nyamizi Ngassa amepiga magoti kwenye tope la birika la mifugo, katika kijiji kimoja cha kata ya Ipililo. Ametega sikio kwenye bomba la chuma. Ng'ombe wanafika, wanakunywa, kisha mmoja anaegemeza shingo kwenye bomba na kujikuna.

"Umesikia?" anauliza. "Hapo ndipo nilipoharibu jina la mtu."

Nyamizi, 34, ni fundi redio wa Bariadi. Siku njema humwachia shilingi elfu kumi na mbili. Kijiji hakikumudu mita za maji za dukani, kikamfuata yeye. Akabandika juu ya bomba kidude bapa cha shaba, kile kinacholia ndani ya saa za mezani. Hapa hakilii, kinasikiliza: maji yakipita kwa nguvu, mtetemo unaongezeka, na kisanduku alichokiunga nacho kinakadiria lita.

Alikijaribu kibandani kwake kwa ndoo na mpira, kikasema kweli. Kibandani hakuna ng'ombe.

Kijijini kikaonyesha maji mengi kuliko mifugo inavyoweza kunywa. Mwenye ufunguo wa koki ni Bundala. Dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, likaamua kwamba anauza maji kwa siri, akatengwa: asisalimiwe, asipewe moto, asisaidiwe msibani. Mama yake alipofariki, kaburi alilichimba yeye na shemeji zake wawili kutoka Dutwa.

"Wazee walisema mashine haina ndugu," anasimulia Nyamizi. "Wakaiamini kuliko yeye. Na mimi niliiamini."

Siku alipokuja kubadilisha betri, aliona hesabu inapanda ilhali koki imefungwa. Ng'ombe alikuwa anajikuna. Miezi yote hiyo kifaa kilikuwa kinahesabu muwasho kama maji.

Dawa yake si ngeni kwa fundi redio. Maji yana sauti nyembamba isiyokatika. Ng'ombe ana mtikisiko mzito, wa polepole. Akakifundisha kisanduku kuuchuja ule mzito, kama mtu anayetafuta stesheni katikati ya mikwaruzo. Kazi hiyo ilimla wiki kadhaa, redio za wateja zikarundikana.

Leo wazee wamekuja kushuhudia. Koki inafungwa. Ng'ombe anajikuna. Namba haisogei. Mzee Mayala, kiongozi wa baraza, anasema adhabu imekwisha.

Nyamizi hashangilii. Maji yakimwagika hayazoleki. Anataka kufunga vifaa hivi kwenye mabirika mengine, lakini amejiwekea sharti: hatampa mtu namba yoyote kabla hajashinda siku nzima pale na mifugo. Na anatamani Bundala amruhusu kulijengea kaburi la mama yake.

Bundala amesimama kando, mbali na watu, kama alivyozoea. Mzee Mayala anamwendea.

"Mwangaluka, baba," anamsalimia.

Bundala anageuka nyuma, kuangalia ni nani anayesalimiwa.