Vigelegele Kinywani mwa Bwana Harusi

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi. Wateja wangu wengi ni wanawake wa familia za Kiarabu za hapa Kariakoo, na wananipenda kwa sababu moja tu: mimi ni mwanamke. Kwenye sherehe zao wanavua mabuibui, wanacheza mpaka jasho, na hawataki mwanamume yeyote aone hata kisigino. Ndiyo maana chumba changu, juu ya maduka ya vitambaa, nimekigawa kwa pazia zito. Mwanamume akija anakaa kwenye benchi upande wa mlangoni na kuzungumza na pazia.

Harusi ninayoisimulia ilifanyika mtaa wa Gerezani, nyumbani kwa bibi wa bi harusi. Wanawake tulikuwa juu, wanaume chini uani na shehe wao. Juu nilipiga picha mwenyewe. Chini mjomba mmoja alirekodi kwa simu, na sauti tukaichukua kwa kinasa kilichowekwa mezani mbele ya shehe. Nilipounganisha sauti na picha nilitazama mwanzo tu: shehe anagonga kipaza sauti, ngo, ngo, kila kitu sawa. Nikakabidhi kazi. Haraka haraka haina baraka, na mimi ndiye ninayependa kuwaambia wenzangu hivyo.

Bibi akapiga simu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mwanangu, mjukuu wangu umemwoza shehe."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikafungua video na kuisogeza hadi kwenye ndoa yenyewe. Shehe alikuwa bado anafumbua mdomo kutamka maneno yake, na mdomoni mwake ikatoka sauti ya bwana harusi: "Nimekubali kumuoa." Kisha kamera ikamgeukia bwana harusi. Naye akafumbua mdomo, vikatoka vigelegele vya wanawake wa juu.

Bibi alikuwa ameitazama hiyo na mashangazi wote sebuleni. Papo hapo akaagiza mjukuu wake arudishwe kutoka kwa mumewe Kigamboni. Mtoto huyo alilelewa na bibi tangu ananyonya, na amri yake haikatiwi rufaa. Alisema siku ya ndoa alikuwa juu, hakuona kitu, na sasa alichokiona kwa macho yake ni shehe akikubali. Mpaka aone midomo ya mume ikikubali, binti analala kwake. Shehe alimpigia simu kumwapia kwamba ndoa imesihi.

"Atasema nini kingine," bibi akaniambia, "na yeye ndiye aliyeoa?"

Kesho yake asubuhi bwana harusi alikuwa kwenye benchi langu. Ni muuza vipuri vya magari, mpole, na alikuwa na uso wa mtu aliyenyang'anywa sahani kabla hajanawa.

"Dada, tayari?"

"Bado."

"Si unakaza tu mahali?"

"Shemeji, hii si nati."

Nikaichelewesha sauti kidogo hadi "nimekubali" ikaingia mdomoni mwa mwenyewe. Nikafurahi. Nikatazama mwanzo: shehe sasa anagonga kipaza sauti kimya kimya, na ngo, ngo inakuja ameshaanza kuomba dua. Ilikuwa kama shuka fupi. Nikifunika kichwa, miguu nje. Nikasonya, nikaanza upya. Na kuanza upya maana yake ni kusikiliza palepale, tena na tena, kwa spika kubwa kwa sababu zile za masikioni zilikufa zamani. Nimekubali kumuoa. Nimekubali kumuoa. Nimekubali kumuoa.

Jirani yangu muuza mapazia akaita kutoka kwenye ngazi. "Dada, huyo bwana anaoa wangapi? Dini imeruhusu wanne tu."

Mteja mmoja aliyekuwa akipita akampa bwana harusi hongera.

Mwishowe nikaelewa. Ile simu ya mjomba haikurekodi kwa mwendo mmoja. Picha zake zilikuwa zinachelewa kidogo kidogo, kwa hiyo kosa lilikuwa linakua kadiri video inavyosonga. Nikaiambia programu iandike video upya kwa mwendo ulio sawa. Kisha nikahitaji milio miwili inayoonekana kwa macho, mmoja mwanzoni na mmoja mwishoni, ili sauti nzima niivute kati yake. Wa mwanzo ulikuwa ule ugongaji wa kipaza sauti, ambao maisha yangu yote nimeuchukia. Wa mwisho nikauona baada ya dua ya kufunga.

"Shemeji, uliangusha kikombe cha kahawa?"

"Mikono ilikuwa inatetemeka kidogo," pazia likasema.

"Basi kimekuokoa."

Akanipeleka Gerezani kwa gari lake, yeye akabaki barazani. Sebuleni mashangazi walishajipanga, na bi harusi alikuwa amevaa viatu, begi lipo mlangoni. Nikawasha video. Shehe akasema yake. Mume akakubali kwa mdomo wake mwenyewe. Vigelegele vikaja mahali pake, na mashangazi wakaongeza vya kwao.

Bibi hakupiga kigelegele. Akaomba arudie kuona. Kisha akanishika mkono, akasema taratibu, "Hebu tazama vizuri, mwanangu. Hakuna pengine palipoharibika?"

Mteja akinitafutia kosa damu yangu huchemka. Safari hii haikuchemka. Nilitazama ile nyumba kubwa atakamobaki bila mjukuu, na ule mkono mkavu juu ya wangu, nikamwonea huruma.

"Lipo kosa, bibi. Pale kwenye biriani. Kijiko kinalia kabla hakijagusa sahani. Naomba mpaka kesho."

Bi harusi akanitazama, akamtazama bibi yake. Akainama, akavua viatu.

"Basi leo tupike nini, bibi?"

Nikatoka kwenda barazani kumweleza shemeji habari za kijiko. Alikuwa ameshawasha gari.