Tuta letu limezamisha vitunguu vya eddo

Leo nimeshindwa kumtazama shangazi yangu machoni.

Tulijenga tuta la mawe hapa Balambala ili mvua isibebe udongo wa shamba letu hadi mtoni. Eddo Habiba, dada wa baba, alibeba mawe pamoja nasi.

Asubuhi mvua ikanyesha. Tuta likashika, wallahi. Tukawa tunapiga picha.

Mara eddo akaja, matope hadi magotini. Maji tuliyoyazuia yaligeukia shamba lake lililo kando ya letu. Vitunguu vyote vimekwenda.

Nikachukua jembe nilibomoe tuta. Mama akanishika mkono.

"Ukibomoa, na sisi tutakosa."

Eddo akaniambia taratibu, "Liache. Mama yako ana watoto wa kulisha."

Akarudi kwake peke yake.

Sasa wingu jingine limetanda.

Nyinyi mngefanyaje?