Katunge wa Mashine ya Tulia

Katunge alikuwa mke wangu. Alikufa mwezi wa tatu. Watu wa kanisa waliandika maisha yake kwa karatasi, wakayasoma vizuri, lakini mashine hawakuitaja. Basi mimi nitaisema.

Alisaga unga pale Tulia miaka ishirini na mbili. Injini ya dizeli, chumba cha mabati, dirisha moja. Ukiingia, kifua kinatetemeka. Aliingia asubuhi, akatoka jioni na nyusi nyeupe. Mimi nilikuwa shambani. Tulikula, tukaomba, tukalala. Hakuwa mtu wa maneno, hata mimi.

Magoti yalipomshinda, mwaka juzi, mashine tukampa Mbithe, mke wa kijana wetu Kyule. Katunge alimtuma Kyule alete vifuniko vya masikio kutoka Emali, vile vikubwa wanavyovaa watu wa kutengeneza barabara. Akamwambia Mbithe, "Bila hivi, ufunguo hupati."

Mbithe alivivaa asubuhi moja tu. Kaloki, jirani yetu, alikuwa kwa laini na debe lake la mahindi.

"Mbithe, umekuwa dijei? Basi tuwekee wimbo!"

Watu wakacheka. Mbithe akavitoa, akavitundika kwa msumari.

"Sio Kaloki tu, Mama," alisema wakati wa chai. "Mashine inasikizwa. Kitu kigumu kikiingia, inalia. Chekeche likipasuka, sauti inabadilika. Nikiziba masikio nitaiharibu, na hiyo ndiyo chakula ya watoto."

Mimi nilimuunga mkono. Kila msagaji ninayemjua husema hivyo. Nikauliza, "Mama Kyule, si wewe umesaga miaka hii yote na masikio wazi?"

Katunge alikuwa anaangalia kikombe. Hakujibu. Mbithe akamgusa mkono, akarudia swali langu uso kwa uso. Katunge akaweka kikombe chini.

"Baba Kyule, hiyo mashine sijaisikia miaka sita."

Nilidhani ni mzaha.

"Ilianza na mlio ndani ya kichwa, kama nyenje, haunyamazi. Halafu nyimbo za kanisa zikapotea, nikawa nafungua mdomo tu. Wewe nakuangalia midomo. Ukigeuka, nakukosa. Niliogopa wakijua mwenye mashine ni kiziwi, watapeleka mahindi kwa mashine ya kule Kabati."

Miaka sita nilifikiri amechoka na mimi.

"Sasa ulikuwa unasaga namna gani, Mama?" Mbithe aliuliza.

Katunge aliinuka polepole, akatuongoza mpaka mashineni. Akamvalisha Mbithe vifuniko kwa mikono yake mwenyewe, injini ikawashwa. Alichukua kiganja cha Mbithe akakibandika ubavuni mwa mashine, mbali na mkanda. Akaachilia mahindi mengi, akayapunguza, akayafunga kabisa. Kila mara alimwangalia Mbithe usoni, na Mbithe akaitikia kwa kichwa kwamba ameshika. Halafu akachota unga, akausugua kati ya vidole. Chekeche likipasuka, chenga zinaonekana hapo. Hawakusema neno lolote. Mimi nilisimama mlangoni, nimeziba masikio na vidole.

Siku ile aliamuru pia wateja wangoje nje ya dirisha, Mbithe awaone nyuso, na mama mwenye mtoto mgongoni asiingie ndani hata kidogo. Kaloki aliendelea na mzaha wake wa dijei mpaka akachoka.

Sasa nyumba imenyamaza. Nikimaliza kulisha mbuzi napita mashineni, sijui natafuta nini. Jana nilikuta injini imezimwa, vifuniko viko shingoni mwa Mbithe, anafagia akiwa amenipa mgongo. Nikasema kwa sauti ya chini sana, "Mbithe."

Akageuka hapo hapo. "Ee, Baba?"

Nikamwambia hakuna kitu, nilikuwa napita tu.