Shati Zima la Ndeshi

Kule Themi, kwenye kiwanda cha mashati, Ndeshi alishona kola, wala hakushona kitu kingine. Kwa miaka kumi na tisa alikaa kwenye kiti kilekile cha laini, ile safu ya washonaji, akipokea vipande kutoka kulia, akishona, akirusha kushoto bila hata kugeuza shingo. Kushoto alikaa Pudensiana, ambaye kazi yake ilikuwa kuibandika kola kwenye shati. Kola za Ndeshi zilifika Hamburg na Toronto, zikavaliwa na watu wasiojua kama kuna kijiji kinaitwa Nkoaranga, nyumbani kwake.

Kisha wenye kiwanda wakaona shati lilelile linashoneka kwa gharama ndogo zaidi huko Asia. Cherehani zikapakiwa kwenye makontena, wafanyakazi wakakusanywa uani, wakashukuriwa na kupewa barua za kuachishwa kazi.

Wiki mbili baadaye afisa kazi aliwaita ukumbini. Serikali itawapima ujuzi bila malipo, akasema. Atakayeshona shati zima kwa siku moja, tangu kukata kitambaa hadi kifungo cha mwisho, atapewa cheti cha fundi, na mwenye cheti ataingia karakana mpya ya sare za shule. Asiye nacho haingii.

"Zima?" Pudensiana alinong'ona. "Mama Nice, mimi mkasi wa kitambaa sijawahi kuushika."

"Kwani mimi nimewahi?" Ndeshi akajibu.

Lakini kurudi kulima kahawa huku akiitwa mtu asiye na ujuzi, hilo hakulikubali. Jumamosi ile akatoa nje cherehani ya mama mkwe wake, akaiweka kwenye kivuli cha migomba, akawaita wenzake wa laini wapande Nkoaranga. Elisaria, aliyekuwa mkataji, akafundisha kukata. Pudensiana akafundisha kubandika. Anande akafundisha mikono na vifungo. Kola alifundisha Ndeshi mwenyewe, na hapo hakuwa na huruma.

"Hii ni kola au ulimi wa ng'ombe? Fumua."

"Mama Nice, kiwandani ulikuwa mpole," Elisaria alilalamika.

"Kiwandani hukugusa kola yangu. Fumua, baba."

Walifanya hivyo Jumamosi sita.

Siku ya mtihani meza zilipangwa bega kwa bega katika chuo cha ufundi. Msimamizi, Mwalimu Maria, alisoma masharti: kila mmoja ana kitambaa cha shati moja tu, na kipande kikitoka mezani kwako kikafika kwa mwenzako hakihesabiwi tena, maana hapa hakuna kusaidiana. Kushoto kwa Ndeshi alikaa Bariki, fundi mwenye ndevu aliyeshonea watu barazani Sekei na ambaye naye alitaka cheti.

Ndeshi alikata vipande vyote, kisha akaanza na kola ili mikono ichangamke. Ilitoka na ncha kali kama mdomo wa ndege. Mkono wake wa kushoto ukaichukua, ukairusha.

Kola ikatua mapajani mwa Bariki.

"Mama, mimi sijaagiza," Bariki alisema, na ukumbi mzima ukacheka. Pudensiana, aliyekuwa safu ya nyuma, hakucheka. Alikuwa amekwisha kunyoosha mkono kuipokea.

Mwalimu Maria alikuja. "Mama, umemrushia nani?"

"Mwenzangu wa laini."

"Hapa hakuna laini."

"Nimeshaona, mwalimu."

Masharti ni masharti, kola ikachukuliwa. Ndeshi alitazama mabaki ya kitambaa. Hapakuwa na kipande cha kuzunguka shingo, ila vipande vinne, kila kimoja urefu wa nusu kola. Shati lisilo na kola si shati. Akavuta pumzi. Mtu aliyeshona kola nyingi kuliko yeye katika ukumbi ule hakuwepo, naye alilijua hilo.

Aliunga viwili viwili, akapata pande mbili za kola, nyuzi za kitambaa zikielekea upande mmoja, akazifungua kingo za mshono na kuzipiga pasi hadi zikalala kabisa. Kiungo akakiweka nyuma, katikati ya shingo. Kabla ya kuendelea alichukua mkoba wake, akausimamisha ukingoni mwa meza upande wa kushoto, uwe ukuta. Mara mbili mkono ulirusha tena; mara mbili kipande kiligonga mkoba kikarudi.

"Mkoba huo nao upewe cheti," Bariki alinong'ona.

"Shona, mwanangu. Kola yako imepinda."

Jioni Mwalimu Maria alilipindua shati, akapitisha kidole shingoni, akarudia tena. "Hii imeungwa."

"Katikati kabisa. Pima."

Alipima kwa futi ya kitambaa. Kulia na kushoto hapakuwa na tofauti. Akachukua fomu. "Umefaulu. Mahali ulipojifunzia niandike wapi?"

"Laini ya kola, Themi. Miaka kumi na tisa. Yaandike yote."

Akayaandika yote.

Jumapili Naftali, mume wake, alilivaa shati lile kanisani. Baada ya ibada mzee mmoja wa usharika akamshika mkono wa shati, akamwuliza duka alikolinunua. Naftali akainama, akampa kisogo auone mshono nyuma ya shingo.

"Hili limekatwa, limeshonwa na kumalizwa na mtu mmoja," alisema. "Yule pale."

Kwa kawaida Ndeshi angemwambia anyamaze. Siku hiyo alimwacha aseme, na watu wengine wawili wakasogea kuangalia.